Fao la Anayemhudumia Mgonjwa Likikataliwa, Taarifa ya Daktari Isomwe Upya

Siku mgonjwa anaporuhusiwa kutoka wodini, taarifa yake ya kitabibu aghalabu hufungwa kwa sentensi iliyozoeleka: "Hali yake ni thabiti, anaendelea vizuri." Kwa daktari aliyeiandika, sentensi hiyo ina maana finyu. Mfupa umekaa mahali pake, kidonda cha upasuaji kimefunga, homa hakuna, shinikizo la damu halitishi, na kitanda kinaweza kupewa mwingine anayekisubiri. Kwa ofisa anayeisoma miezi kadhaa baadaye, akiwa na jalada mbele yake na mgonjwa hayupo, sentensi ileile husema jambo jingine kabisa: huyu amepona, au yu karibu kupona, na hana haja ya mtu wa kushinda na kulala naye nyumbani. Ofisa hajakosea kusoma. Ndivyo alivyoandikiwa.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa wafanyakazi walioumia kazini. Kwa upande wa Tanzania Bara, Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ilianzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao ulianza kazi mwaka 2015 na ambao fedha zake hutokana na michango ya waajiri, si makato ya mshahara wa mfanyakazi. Mafao yake ni matibabu, malipo ya ulemavu wa muda na wa kudumu, huduma za utengamao, msaada wa mazishi, malipo kwa wategemezi wa aliyefariki, na malipo kwa anayemhudumia mgonjwa. Hili la mwisho ndilo linalotajwa kwa sauti ya chini kuliko yote. Msingi wake, kwa ufupi, ni kwamba ulemavu uliotokana na kazi umemfanya mtu ashindwe kutenda mambo ya lazima ya maisha pasipo msaada wa mara kwa mara wa mtu mwingine. Wala si wazo la juzi. Mkataba Na. 17 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1925, ulikwisha kutamka kwamba majeruhi anayehitaji msaada wa aina hiyo apewe fidia ya ziada.

Dai la fao hili linapokataliwa, familia hudhani kwamba imeonewa, na mara nyingine ni kweli. Lakini kabla ya kumnyooshea kidole aliyekataa, ni vema jalada lifunguliwe na taarifa ya daktari isomwe tena. Si ajabu ikaonekana kwamba dai lilikwisha kukatwa miguu huko huko hospitalini, na aliyelikata alikuwa na nia njema.

Mfano wa fundi mwashi utafaa, kwa kuwa wauguzi wa wodi za mifupa watamtambua hata asipotajwa jina. Ameanguka kutoka kwenye jukwaa la ghorofa inayojengwa, akavunjika shingo, na uti wa mgongo ukaumia kwenye usawa wa pingili ya sita ya shingo. Mabega yake yana nguvu, kiwiko anakikunja, kifundo cha mkono anakiinua. Lakini vidole havifumbati kitu, na kuanzia kifuani kwenda chini hasikii wala hasogei. Akiwa kwenye kiti mwendo juu ya sakafu laini, anajisukuma mwenyewe. Kijiko kikifungwa kwa mkanda kiganjani, anakula mwenyewe. Taarifa yake imeandikwa: "Amepooza kutokana na kuvunjika shingo. Anatumia kiti mwendo. Anakula mwenyewe. Anaendelea vizuri." Kila neno ni la kweli. Na katika maneno hayo yote ya kweli, dada yake, aliyefunga genge lake la mbogamboga na kuhamia kwa kaka yake ili amuuguze, hayumo.

Siku ya dada huyo haianzi asubuhi, kwa sababu haikuisha usiku. Humgeuza kaka yake ubavu kila baada ya saa mbili hivi, kwa maana ngozi isiyo na hisia haimwamshi mwenyewe kumwambia kwamba inakandamizwa, na kidonda cha mgandamizo huweza kuanza ndani ya saa chache na kumlaza hospitali kwa miezi. Alfajiri huja kazi ya haja kubwa, ambayo kwa mtu aliyeumia hivyo haiji yenyewe: hupangiwa saa yake, husaidiwa kwa dawa na kwa kidole chenye glavu, na huweza kuchukua saa nzima. Kisha mgonjwa huoshwa, hukaguliwa makalio, visigino na mgongo, huvalishwa, na huhamishwa kutoka kitandani hadi kwenye kiti. Ikiwa mkojo hutolewa kwa mpira wa kuingiza na kutoa, kazi hiyo hurudiwa kila baada ya saa nne hadi sita. Waswahili husema mgonjwa haulizwi uji. Hawakusema ni nani atakayeupika, atakayeupoza, na atakayemfuta kinywa baadaye.

Tena lipo jambo ambalo jamaa wengi hawakuelezwa vya kutosha walipokuwa wodini. Kwa aliyeumia uti wa mgongo kwenye usawa wa pingili ya sita ya kifua au juu yake, mpira wa mkojo ukiziba, au choo kikikwama, shinikizo la damu linaweza kupanda ghafla mno. Kichwa humgonga, uso humwiva, jasho humtoka shingoni na usoni. Anayelijua jambo hili humketisha wima, hulegeza nguo zote zinazobana, na hutafuta chanzo, akianza na mpira wa mkojo. Hali isipotulia mara moja, humkimbiza hospitali, kwa kuwa shinikizo hilo likiachwa linaweza kumletea kiharusi. Mtu ambaye vidole vyake havifumbati hawezi kuunyoosha mpira uliojikunja saa nane za usiku. Anamhitaji mwingine awe chumbani humo au chumba cha pili, si nyumba ya jirani.

Hapa ndipo inapoonekana maana halisi ya msaada wa mara kwa mara. Wapo wanaoisoma kauli hiyo kana kwamba mhudumu sharti awe ameshika kitu mkononi kila dakika, na akionekana ameketi kivulini anachambua mchele basi mgonjwa hana haja naye. Mlinzi wa ghala halipwi kwa usiku ule tu mwizi alipokuja. Kuwepo kwake ndiyo kazi. Aliyeumia shingo anaweza kupitisha saa tatu za mchana bila kuguswa na mtu, na bado asiweze kuachwa peke yake kwa saa hizo tatu.

Ipo hoja nyingine, ambayo husemwa zaidi kuliko kuandikwa: anayemhudumia ni ndugu, na ndugu hufanya kwa mapenzi. Ni kweli anafanya kwa mapenzi. Lakini swali la msingi ni la hali ya aliyeumia: je, anaweza kutenda mambo ya lazima ya maisha bila msaada? Jibu la swali hilo halibadiliki kwa sababu msaidizi amezaliwa tumbo moja naye. Ama kuhusu gharama, genge lililofungwa ni gharama, na nauli ya watoto aliowaacha kwa bibi yao ni gharama, hata kama hapana stakabadhi. Mtu wa nje angeajiriwa kuifanya kazi hiyo usiku na mchana, hapana shaka kwamba angedai mshahara, na hapana ambaye angemshangaa. Na mapenzi hayauzuii mgongo wa dada huyo kuuma kwa kumnyanyua mtu mzima mara kadhaa kwa siku. Siku mgongo ukimshinda, kaka hatageuzwa. Na asipogeuzwa, atarudi wodini na kidonda ambacho matibabu yake yatagharimu zaidi ya fao lililokataliwa. Kwa sababu hiyo suala hili ni la kitabibu, wala si la hisani.

Hata hivyo, haki inadai pia kusemwa kwa yule ambaye hastahili. Aliyeumia mgongo chini zaidi, mwenye mikono mizima, akipata utengamao mzuri na nyumba isiyo na vizingiti, mara nyingi hujifunza kujihamisha, kujiosha, kujitoa mkojo na kujikagua ngozi kwa kioo. Kumwombea fao la mhudumu kwa sababu tu miguu imepooza ni kumdhalilisha yeye na kuwaharibia wengine. Vivyo hivyo kwa asilimia ya ulemavu, ambayo baadhi ya familia huishika kama ngao: "Daktari ameandika ulemavu mkubwa, mbona wamekataa?" Asilimia hupima kiasi cha mwili kilichopotea. Haisemi ni nani anayemwogesha. Watu wawili wenye asilimia zinazokaribiana wanaweza kuachana mbali sana katika haja yao ya kuhudumiwa.

Na yupo anayeonekana hana tatizo lolote. Fundi mwingine ameanguka jukwaa lilelile, hakuvunjika mfupa, bali ubongo ulitikisika na kuvilia damu. Sasa anatembea, anavaa, anakula, anasalimia watu kwa adabu. Akipimwa kwa kipimo cha Barthel, kilichochapishwa mwaka 1965 na ambacho hadi leo hutumika sana hospitalini, anaweza kupata alama zote 100, kwa kuwa kipimo hicho huuliza mambo kumi ya mwili, kama vile kula, kuoga, kuvaa, kwenda chooni na kupanda ngazi. Hakiulizi kumbukumbu, wala uamuzi, wala hasira. Waliokitunga wenyewe walitahadharisha kwamba alama 100 hazina maana kwamba mtu anaweza kuishi peke yake. Fundi huyu huwasha jiko la gesi na kulisahau, hutoka kwenda msikitini na kupotea mtaa aliozaliwa, hunywa dawa za kifafa mara mbili au asinywe kabisa. Mke wake haondoki nyumbani. Taarifa iliyoandikwa "anajitegemea katika shughuli zote za mwili" ni ya kweli, na imemwacha mke huyo bila ushahidi. Kwa mgonjwa wa aina hii kipimo cha mwili peke yake hakitoshi. Panahitajika uchunguzi wa kumbukumbu na uamuzi, na maelezo ya matukio halisi yenye tarehe.

Kikwazo kingine hutoka kwa mgonjwa mwenyewe. Mwanamume aliyekuwa akibeba mifuko ya saruji begani, akiulizwa na mtu mgeni mbele ya shemeji zake, "Je, unaweza kuoga mwenyewe?", atajibu "Najiweza, namshukuru Mungu." Aibu imejibu, na ofisa ameandika. Mtaalamu mwenye uzoefu hamwulizi mtu kama anaweza. Humwuliza jana ilikuwaje. Jana uliogea wapi? Nani alichota maji? Mgongo ulifikiwaje? Ulipojisikia haja, ulifanya nini? Na humwuliza akiwa peke yake kwanza, kisha humsikiliza anayemhudumia akiwa kando, kwa sababu mhudumu naye huona haya kumsema ndugu yake akiwa anasikia.

Uamuzi wa kwanza si neno la mwisho. Asiyeridhika anaweza kuomba uamuzi upitiwe upya na Mfuko wenyewe, kisha kukata rufaa kwa Waziri mwenye dhamana ya kazi, na hatimaye kwenda Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Kila ngazi ina muda wake, na muda huo haumsubiri mtu aliyelazwa. Kwa hiyo siku barua ilipopokewa iandikwe juu ya barua yenyewe, bahasha itunzwe, na sababu ya kukataliwa isomwe neno kwa neno. Ikiwa sababu haikuelezwa, iombwe kwa maandishi. "Hana ushahidi wa kitabibu wa kuhitaji msaada" na "ulemavu haukutokana na kazi" ni makataa mawili tofauti, na jibu la moja halilifai jingine. Ofisa ustawi wa jamii wa hospitali, ambaye wagonjwa wengi hudhani kazi yake ni kushughulikia msamaha wa malipo tu, anaweza kuisaidia familia kuisoma barua hiyo; chama cha wafanyakazi nacho, pale kilipo.

Rufaa nyingi za aina hii huandikwa kwa lugha ya kuomba huruma: maisha ni magumu, watoto wanasoma, mgonjwa anateseka. Yote yanaweza kuwa kweli, na yote hayajibu swali lililoulizwa. Nyingine huambatisha taarifa ileile ya daktari kwa mara ya pili, ikiwa na mhuri mpya. Huko ni kumwomba ofisa abadili mawazo bila kumpa sababu ya kuyabadili. Kinachohitajika ni taarifa mpya, iliyoandikwa baada ya uchunguzi mpya, ambayo haisimulii mfupa ulivyovunjika bali inasimulia siku ya mgonjwa. Kwa yule fundi wa kwanza ingesomeka hivi: "Hawezi kujigeuza kitandani, hugeuzwa na mtu mwingine takriban kila saa mbili usiku kucha. Hawezi kujihamisha kutoka kitandani kwenda kwenye kiti. Hula mwenyewe baada ya kuandaliwa chakula na kufungiwa kijiko. Haja kubwa hutolewa kwa msaada kamili. Yumo katika hatari ya kupandwa ghafla na shinikizo la damu, na hawezi kuondoa chanzo chake kwa mikono yake. Hapaswi kuachwa peke yake usiku. Hali hii haitarajiwi kubadilika kwa kiasi cha kuondoa haja hiyo." Sentensi saba. Haina neno gumu hata moja, na ofisa ambaye hakusomea udaktari ataielewa yote.

Kando ya taarifa hiyo, daftari la kawaida la shule lina thamani kuliko watu wanavyodhani. Kwa majuma mawili mhudumu huandika saa na kilichofanyika: saa sita usiku, kageuzwa kulia, saa nane, kageuzwa kushoto, shuka imebadilishwa, saa kumi na moja, choo, dakika hamsini. Hapana haja ya kupamba. Daftari lenye siku mbili ambazo hapakutokea jambo huaminika kuliko lile ambalo kila usiku una maafa. Mtaalamu wa tiba kwa vitendo akiweza kumtembelea mgonjwa nyumbani, maelezo yake juu ya choo cha shimo, kizingiti na umbali wa bomba yatasema mambo ambayo chumba cha kliniki chenye sakafu ya marumaru huyaficha. Barua ya serikali ya mtaa nayo huthibitisha ni nani anayeishi na mgonjwa na tangu lini. Picha za vidonda zisiambatishwe bila ridhaa ya mwenye mwili, na uso usionekane.

Madaktari wengine husita kuandika kwa kirefu namna hii. Kliniki ina watu sitini, na taarifa ya mistari minne huandikwa kwa dakika mbili. Wengine huogopa kwamba wataonekana wanampigania mgonjwa. Hofu hii ina msingi, kwa sababu maombi ya "daktari, tuandikie tu kwamba hawezi kabisa" huja, na hutoka kwa watu wenye shida ya kweli. Daktari akikubali kuandika asichokiona, taarifa yake inayofuata, hata ikiwa ya haki, haitaaminiwa, na atakayelipa ni mgonjwa mwingine asiyemjua. Lakini kuandika kwa urefu alichokiona, na kutenganisha alichokishuhudia mwenyewe na alichosimuliwa na familia, si kumpigania mtu. Ni ushahidi. Na pale hali ya mgonjwa inapokuwa imeboreka baada ya utengamao, daktari yuleyule anapaswa kuandika hivyo kwa uwazi uleule, hata kama fao litapunguzwa.

Inafaa kukiri kwamba yote haya yanawahusu waajiriwa walioumia au kuugua kutokana na kazi. Mkulima aliyepatwa na kiharusi shambani kwake, na mama anayemwangalia mwanawe mwenye mtindio wa ubongo, hawamo katika Mfuko huu, na upungufu huo wa hifadhi ya jamii hauwezi kuzibwa na taarifa ya daktari, hata iandikwe vizuri namna gani.

Kwa yule ambaye sheria imemfungulia mlango, kazi inaweza kuanza kwenye kliniki ijayo. Katika hospitali nyingi, anayemsukuma mgonjwa huombwa asubiri nje ili kupunguza msongamano. Daktari anayeandika taarifa ya rufaa amwite dada huyo ndani, amsikilize kwa dakika kumi jinsi usiku wa jana ulivyokwenda, aandike jina lake na kazi anayoifanya ndani ya jalada, na mgonjwa aondoke na nakala yake mkononi.